Mbu au Kisubi?

Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, malaria huambukizwa mwaka mzima. Mwenezaji mkuu ni mbu aina ya Anopheles funestus, anayeuma usiku, hasa ndani ya nyumba.

Lakini si kila mdudu azungukaye taa ni mbu. Wapo visubi wa majini wasiouma kabisa.

Ili kuwatofautisha, msikilizaji aanze na mdomo. Mbu ana mrija mrefu unaochomoza mbele ya kichwa. Kisubi huyu hana. Akitua, kisubi mara nyingi huinua miguu ya mbele, na mabawa yake hayafiki mwisho wa mwili. Anopheles huinamisha kichwa, mkia juu.

Viluwiluwi vya mbu huja juu ya maji kuvuta hewa. Vya visubi wengi hukaa topeni, vingine vyekundu.

Visubi wakijaa ukutani, mbu anaweza kuwa katikati yao: chandarua chenye dawa kishushwe kila usiku.