MAJENGO YA KALE NI AMANA: TUYAFUFUE AU TUYABOMOE?

  



Nimetakiwa niseme machache juu ya majengo ya kale yaliyotelekezwa. Je, yabomolewe zijengwe fremu za maduka, au yatengenezwe yawe mahali pa watu kusoma na kukutana? Swali hili si dogo. Miji yetu inapanuka kwa kasi, na kijana anayetafuta mahali patulivu pa kufungua kitabu jioni hupata tabu kupapata.

Tuuangalie mfano ulio karibu. Barabara ya Morogoro ipitayo Kibaha huanzia kando ya bandari ya Dar es Salaam. Pale inapokutana na Barabara ya Sokoine limesimama Boma la Kale. Lilijengwa mnamo 1866 na 1867, zama za Sultani Majid bin Said, kwa mawe ya matumbawe, liwe nyumba ya wageni wake. Sultani alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora. Wakaja Wajerumani, wakafuata Waingereza, kisha serikali huru, na jengo likatumika kwa shughuli za utawala. Hatimaye likachakaa. Ndipo Halmashauri ya Jiji, Chama cha Wasanifu Majengo na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin wakashirikiana kulikarabati kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha urithi wa usanifu majengo, na watu huingia humo kutazama historia ya mji wao.

Mazingatio hapa ni mawili. Kwanza, hakuna aliyeliokoa peke yake. Pili, lilipewa kazi. Nyumba iliyotengenezwa kisha ikafungwa kwa kufuli hurudi kuwa gofu.

Kinyume chake ni Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu ya jengo hilo iliporomoka na watu wawili wakafariki. Cheo hakizuii ukuta kuanguka. Anayechelewesha matengenezo anahatarisha roho za watu.

Ama sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Boma la Majid lenyewe liliukosa mpaka huo kwa miaka michache tu. Reli ya kati iliyopita Soga na Ruvu ilianza kujengwa mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Basi jengo la enzi hiyo halina kinga mpaka Waziri alitangaze. Tusipoomba sisi, nani ataomba?

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, tuijue milki: tuiulize halmashauri jengo ni la nani kabla ya kushika hata tofali moja. Pili, tumwite mtaalamu alikague. Ukuta wa mawe na chokaa haupigwi lipu ya saruji, kwani saruji hufungia unyevu ndani na ukuta huoza, ilhali chokaa huuacha utoke. Tatu, tusajili wadhamini RITA kwa mujibu wa Sura ya 318, ili mali isije ikawa ya familia ya mwenyekiti. Nne, tufuate hekima ya wakfu. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza azuie asili yake na atoe mazao yake sadaka. Chumba kimoja au viwili vikodishwe, kodi itengeneze paa, na vilivyobaki viwe maktaba, darasa la jioni na ukumbi wa wananchi wote bila kubagua dini.

Atasema msemaji: madrasa zetu hazina madawati, tutatiaje fedha katika magofu? Hoja hii ina uzito. Si kila gofu lafaa kufufuliwa. Mtaalamu akisema gharama imezidi manufaa, tulipige picha, tuiandike historia yake, na tuishie hapo. Lakini likifaa, tahadhari: lisigeuke mahali pa wenye fedha kunywa kahawa huku mtoto wa jirani akichungulia dirishani. Hapo tutakuwa tumeokoa mawe na kuwapoteza watu.

Ndugu zangu, kila mtaa na kila kijiji kiandike majengo yake ya kale: mwaka wa kujengwa, mmiliki na hali yake. Wazee wanaojua wangali hai. Tuwaulize leo, kwa kuwa hatuna hati ya kesho.

Wabillahi tawfiq.