Msimu wa ufuta na simu mkononi

Zamani wakulima wengi wa ufuta waliuza kwa walanguzi wa kangomba, wakapunjwa mchana kweupe. Tangu mwaka 2024, mnada wa ufuta mkoani Lindi huendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi aliye Dar es Salaam huweka bei bila kufika ghalani. Malipo huingia benki, na wengi huyahamishia kwenye simu. Hilo ni jambo la heri.

Lakini matapeli nao wanaijua kalenda ya mauzo. Malipo yakianza kutoka tu, ujumbe unaingia: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mzee hana miwani, anampa kijana wa kibandani simu amsomee, na namba ya siri anaitaja kwa sauti, waliopo wote wanaisikia. Hapo ndipo roho inaponiuma. Jasho la miezi linaondoka kwa dakika moja, na hela ikishatolewa kwa wakala, kuirejesha ni kazi ngumu mno.

Basi babu, bibi, namba ya siri usimpe hata mjukuu. Kampuni ya simu hukupigia kwa namba 100 tu. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Halafu bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma aifute.