Habari za Meza

Jina la meza tulilipokea kwa Wareno. Leo twataka kueleza habari za chombo chenyewe.

Hapo kale, huko Uingereza, meza ilikuwa mbao ndefu zilizolazwa juu ya miguu isiyounganishwa nazo. Watu wakiisha kula, huondolewa. Katika karne ya 16 mafundi walizidi kuunga miguu na mbao, meza ikakaa mahali pamoja. Karne ya 18 ikaleta meza ndogo ya chai, yenye miguu mitatu, ya mahogani, mti ulio ndugu wa mkangazi wetu. Bunge lilipoondoa ushuru mwaka 1721, mahogani ya Jamaica ikazidi kuingia.

Lakini waliokata miti ile walikuwa watumwa Waafrika. Basi tukiisifu randa ya fundi, tusilisahau shoka la mtumwa.