Makaburi na Madaftari ya Kale: Ukoo Wetu Umeandikwa Wapi?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, vilima vya Taita, mwezi wa Novemba)



Tunajua mvua imeshika na kila mmoja ameacha jembe nyumbani, kwa hiyo hatutawaweka sana. Mwezi huu wa Novemba Wakatoliki tunawakumbuka marehemu, na wengi wenu mtakwenda makaburini kufyeka nyasi. Tumeona tuzungumze juu ya kazi nyingine inayoweza kufanywa siku hiyo hiyo, panga mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Kazi hiyo ni kutafuta historia ya jamaa zetu.

Tayari tunamwona mtu pale nyuma anatikisa kichwa. "Sisi tunataka maji na mbuzi wa maziwa. Wafu wana maendeleo gani?" Swali ni zuri. Tulijibu kwa kisa kimoja.

Mama mmoja mjane, mwanachama wa kikundi tunachokitembelea, alitujia na hati ya shamba ndani ya mfuko wa nailoni. Kwenye shamba hilo amelima zaidi ya miaka thelathini. Hati ilikuwa bado na jina la baba mkwe wake, aliyekufa zamani. Shida ilikuwa hii: hati ilisema jina la nyumbani la mzee, lakini cheti cha kifo cha mume wake kilimtaja baba kwa jina la ubatizo. Kwenye karatasi walikuwa watu wawili. Chifu alisita kuandika barua ya mirathi, na tusimlaumu, kwa maana yeye hakumjua mzee huyo.

Tulikwenda naye parokiani. Katekista mzee na karani walitafuta asubuhi nzima. Mwishowe tulikuta mstari mmoja katika kitabu cha ubatizo: jina la Kikristo, jina la nyumbani, jina la baba, kijiji, mwaka. Ni mtu mmoja. Mama alipiga vigelegele pale pale ofisini.

Lakini karani aliendelea kufunua. Kurasa chache mbele tuliona watoto wawili wa mzee yule yule, na jina la mama yao si la mama mkwe tuliyemjua. Tulipokwenda uwanja wa makaburi ya misheni, tulipata msalaba mdogo wa saruji wenye jina la mwanamke huyo. Shangazi wa ukoo, bibi kizee sana, alipoulizwa alinyamaza, halafu akasema, "Mmemwona? Huyo ndiye wa kwanza." Alikufa kijana, na watoto wake wakachukuliwa na wajomba upande wa Taveta. Nyumbani hawakutajwa tena.

Yule mjane alikaa juu ya jiwe kimya. Kisha akatuambia, "Nilikuja kutafuta karatasi, sasa nimepata watu."

Angeweza kunyamaza. Wengine walimshauri hivyo. Lakini sheria ya urithi iliyoanza kufanya kazi nchini mwaka 1981 inataka mwombaji ataje wanaohusika na urithi bila kuficha. Ombi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali na watu hupewa siku za kupinga. Hata baada ya hapo, ikijulikana kwamba jambo kubwa lilifichwa, mahakama inaweza kufuta kibali. Basi alituma ujumbe Taveta. Wajukuu wakaja. Wamekaa vikao vitatu, na si vyote vilikuwa vya upole. Mambo bado yako mahakamani. Sehemu yake huenda ikapungua kidogo, lakini analala usingizi.

Ndugu, hayo ndiyo maendeleo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: hata mtu bila daftari hupotea bila habari. Sasa tuone njia.

1. Anzeni na walio hai

Msikimbilie ofisi. Kaeni na wazee kwanza, maana kitabu kitangoja lakini mzee hatangoja. Ulizeni jina la nyumbani, jina la ubatizo, jina la utani, kijiji cha kuzaliwa, na mama alitoka ukoo gani. Hilo la mwisho husahaulika kabisa. Tunahesabu mababu na kuwaacha mabibi, kumbe nusu ya habari iko kwa mabibi.

Mzee akisema hajui mwaka wake, msimwambie abahatishe. Mwulizeni kulikuwa na nini. Reli ilipopita Voi mwishoni mwa miaka ya 1890? Vita vya Wajerumani, 1914 hadi 1918? Homa kubwa ya 1918? Mafuriko ya 1961? Uhuru, 1963? Andikeni, "alikuwa anachunga mbuzi wakati wa mafuriko." Hiyo ni habari ya kweli kuliko tarehe ya kubuni.

2. Makaburi

Hapa Taita tuna makaburi ya aina nyingi. Kabla ya misheni, wazee wetu walifukua fuvu la marehemu baada ya muda na kuliweka pangoni pamoja na ya ukoo wake. Mapango hayo yalikuwa ndiyo daftari: hapa ni watu wa nyumba fulani. Tunawasihi sana, msiyaguse wala msipeleke wageni huko bila wazee. Tayari mafuvu ya Wataita yalichukuliwa wakati wa ukoloni yakapelekwa hadi Cambridge, Uingereza, kupimwa na wataalamu. Mwenye ukoo aandike tu pango liko wapi na ni la nani. Yatosha.

Kisha yako makaburi ya misheni. Misheni ya Bura ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1892, na Waanglikana walifika Sagalla mapema zaidi, mwaka 1883. Palipo na misheni ya zamani, uwanja wake wa makaburi una habari nyingi. Na yako makaburi ya shambani, ambayo ni mengi kuliko yote na ndiyo hupotea upesi: jembe moja, jiwe limeondoka.

Siku ya kufyeka, kikundi kifanye hivi:

- Ombeni ruhusa kwa paroko, au kwa mwenye shamba.
- Choreni ramani ndogo: lango, mti mkubwa, mistari ya makaburi. Kila kaburi lipewe namba.
- Nakilini maandishi kama yalivyo, hata kama yamekosewa. Herufi isiyosomeka iwekeeni kistari.
- Safisheni kwa maji na brashi laini. Msitumie waya, panga wala dawa ya choo, kwa sababu mtaondoa uchafu pamoja na jina.
- Angalieni nani amelala karibu na nani. Mara nyingi jamaa walizikwa pamoja.
- Kaburi lisilo na jina nalo liandikwe. Mwulizeni jirani mzee, na muandike nani alisema.

3. Vitabu vya parokia

Sheria ya Kanisa inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Cha ubatizo ndicho chenye utajiri: jina la mtoto, wazazi, msimamizi, mahali, tarehe, na padre aliyebatiza. Pembeni huongezwa habari za kipaimara na ndoa. Kwa hiyo mstari mmoja unaweza kuwafuata watu toka utoto hadi harusi, hata kama harusi ilifungwa parokia nyingine.

Vile vya zamani viliandikwa kwa Kilatini, lakini msiogope. Filius ni mtoto wa kiume, filia wa kike. Natus au nata ni amezaliwa. Obiit ni amefariki. Sepultus ni amezikwa. Joannes ni Yohane, Jacobus ni Yakobo. Babu aliyeitwa James huenda yumo kitabuni kama Jacobus, nanyi mkapita juu yake mara tatu.

Jambo lingine ni herufi. Padre alikuwa Mfaransa au Mwairishi, akaandika jina la Kitaita jinsi sikio lake lilivyosikia. Someni kwa sauti. Macho yatakataa, sikio litakubali.

Pigeni simu au tumeni barua kwanza, mtaje jina, kijiji na miaka mnayokisia. Kitabu hakitoki ofisini, na si kila ukurasa ni wa kila mtu kusoma, maana mna siri za watu walio hai.

4. Karatasi za serikali na za nyumbani

Fungueni sanduku la bibi. Huko kuna risiti za kodi, kadi za kliniki, barua, na mara nyingine kipande. Kipande kilianza kutolewa kati ya 1919 na 1920 kwa wanaume wa Kiafrika kuanzia miaka 16, na kiliandikwa jina, lokesheni, waajiri na mshahara. Wazee walikivaa shingoni ndani ya kikebe. Kilikuwa cha kuwadhalilisha, lakini leo kinaweza kumwonyesha mjukuu babu yake alifanya kazi wapi.

Kwa shamba, ofisi ya ardhi ina rejista ya wenye mashamba tangu yalipopimwa. Kwa kuzaliwa na kufa, nendeni kwa msajili. Na kule Nairobi, barabara ya Moi, kuna Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1965. Ndani yake mna ripoti za wakuu wa wilaya wa zamani. Mwananchi yeyote anaweza kujiandikisha na kusoma.

Kama jina la mtu mmoja limeandikwa namna mbili, msirekebishe wenyewe kwa kalamu! Nakala ya kitabu cha ubatizo pamoja na hati ya kiapo mbele ya wakili husaidia kuonyesha kwamba ni mtu mmoja.

5. Ambao hawakuandikwa

Sasa tuseme jambo zito. Wengine mtawatafuta na hamtawapata, na si kosa lenu.

Mwaka 1915, katikati ya vita, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba wanawasaidia Wajerumani. Waliwahamisha hadi Malindi, na wengi walifia huko. Basi mwenye asili ya Kasigau asishangae kuona makaburi ya miaka ile hayapo nyumbani.

Katika vita hivyo hivyo maelfu kwa maelfu ya vijana wa nchi hii walichukuliwa kuwa wapagazi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina yao hapo. Nendeni Voi au Taveta muone makaburi ya vita: mistari ya mawe meupe yenye majina. Lakini wapagazi Waafrika walizikwa ovyo bila alama. Na kwa kuwa majina na vijiji vyao havikuandikwa vizuri, mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Mnaona? Ni kisa cha yule mama, ila kwa ukubwa wa nchi. Jina likipotea, haki hulifuata.

Kwa hao ambao hawana kaburi wala mstari kitabuni, fanyeni hivi: andikeni ninyi. "Babu fulani, mwana wa fulani, alikwenda vitani, hakurudi." Mtieni sahihi wazee wawili, na tarehe. Mkiandika hivyo, mjukuu wenu atakuta mahali pa kuanzia.

6. Tahadhari

Mtakutana na mambo: mtoto wa nje, deni, ugomvi wa mpaka, nyumba iliyosahauliwa. Msisome hayo barazani. Mwenye habari aambiwe kwanza, faraghani. Na kikundi kikubaliane tangu mwanzo kwamba kinatafuta ukweli, si ushindi. Mtu anayetafuta jina la kumnyang'anya jirani shamba, asipewe kalamu ya kikundi.

Mwisho, wekeni nakala mbili mahali pawili, maana mchwa hawajui historia. Daftari moja likae kwa katibu, jingine kanisani. Mwenye simu apige picha pia, lakini simu huibiwa na huzama majini, kwa hiyo msiiache kalamu.

Kazi hii haihitaji mfadhili wala harambee. Inahitaji daftari, kalamu, na mzee mmoja aliye tayari kusema. Mzee huyo yuko leo. Mwaka ujao hatujui.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni wazee gani watatu kijijini petu ambao lazima tuwasikilize kabla ya Krismasi? Nani ataenda?
2. Ni makaburi gani ya shambani yanayokaribia kupotea?
3. Ni wangapi kati yetu wanaolima shamba ambalo hati yake ina jina la marehemu? Karatasi zetu zinakubaliana majina?
4. Tukigundua ndugu waliosahauliwa, tutafanya nini?

Mungu awabariki, na marehemu wetu wapumzike kwa amani.