Taa ya Injini Ikiwaka, Usikimbilie Kununua Sensa

Leo naongea na wewe mwenye gari, na wewe pia ambaye pesa zako za kikundi zimeingia kwenye gari la mwenzako.

Kikundi chetu hapa Kyangwali kilimkopesha baba mdogo pesa akanunua Noah ya kubeba watu na mahindi. Siku moja taa ya njano yenye picha ya injini ikawaka kwenye dashibodi, na gari likaanza kunywa petroli kupita kawaida. Tukaenda nalo Kampala, gereji moja ya Kalerwe, karibu na soko. Fundi akachomeka mashine chini ya usukani, ikaandika P0135. Akasema papo hapo: "Sensa ya oksijeni imekufa." Tukalipa shilingi laki mbili, akafunga nyingine iliyokwisha kutumika, akaifuta ile kodi, taa ikazima. Tukarudi tukifurahi. Asubuhi ya tatu gari likiwashwa, taa ni ileile! Na deni la kikundi linangoja.

Sikiliza vizuri hapa. Sensa ya oksijeni imefungwa kwenye bomba la moshi. Inapima oksijeni iliyobaki katika moshi, halafu kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza petroli. Lakini haiwezi kupima ikiwa baridi, kwa hiyo ndani yake kuna kipashio kidogo cha umeme. P0135 inasema njia ya umeme ya kipashio hicho ina kasoro. Inaweza kuwa sensa yenyewe. Inaweza kuwa fyuzi, au waya. Mashine haikuchagulii. Na kufuta kodi kunazima taa tu. Kompyuta ikirudia kipimo chake na kukuta kasoro bado ipo, inaiwasha tena.

Tulirudi Kalerwe, kwa fundi mwingine, mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Hakugusa mashine kwanza. Aliuliza, "Waya mmeuangalia?" Akaingia chini ya gari na mita ya umeme, akapima kwenye plagi ya sensa huku suichi ikiwa imefunguliwa. Pale zilitakiwa kufika volti 12 hivi za betri. Hakikufika kitu. Akafuata waya kwa kidole mpaka alipoukuta umeegemea bomba la moshi, umeyeyuka na kukatika. Akauunga, akaufunga mbali na bomba. Kazi ya nusu saa. Sensa yetu ya kwanza huenda ilikuwa nzima, ila tuliiacha kwenye gereji ile. Hilo bado linamuuma baba mdogo.

Kwa hiyo mwambie fundi akuandikie namba ya kodi kwenye karatasi. Muulize amepima nini kabla ya kusema "nunua". Muombe akuonyeshe fyuzi na waya, na kama bomba la moshi linavuja, maana hewa ikiingia hapo sensa inadanganyika. Akibadilisha kifaa, cha zamani ondoka nacho. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Taa ikitulia bila kupepesa na gari linakwenda sawa, unaweza kufika gereji polepole. Ikipepesa na injini inatetemeka, punguza mwendo, simama mahali salama, uzime. Petroli isiyoungua inaingia kwenye bomba na kuunguza kifaa kinachosafisha moshi, na bei yake huipendi.

Noah imebeba mahindi leo asubuhi. Deni limebaki miezi minne.