Mgonjwa wa Kitanda cha Pili

(Mada iliyotolewa kwa waamini na viongozi wa walei, Vigwaza)



Wazee wetu, akina mama, vijana, nanyi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, nimeombwa kuzungumza juu ya haki ya mgonjwa. Kanisa limekwisha kulisema jambo hili. Baba Mtakatifu Yohane wa XXIII, katika waraka wake wa mwaka 1963 juu ya amani duniani, aliihesabu huduma ya tiba miongoni mwa haki za kila binadamu. Waraka huo niliusoma seminarini, nikaufanyia mtihani, nikafaulu. Maana yake niliielewa baadaye, nikiwa nimelala chali kitandani, na leo naona ni wajibu wangu kuiungama mbele yenu.

Kidole tumbo kilinipasukia usiku. Nilipofikishwa hospitali, tumbo lilikuwa limekaza kama ubao. Mapokezi palikuwa na watu wengi walionitangulia. Aliyenisindikiza alisema maneno mawili tu: "Ni Padre." Machela ikaletwa. Sikuulizwa fedha. Kabla ya mapambazuko nilikuwa nimekwisha pasuliwa.

Kitanda cha pili alilazwa mzee mmoja Mwislamu, mkulima wa bonde la Ruvu, aliyepita miaka 70. Ngiri ilikuwa imembana utumbo. Yeye alifika mchana, saa nyingi kabla yangu. Mwanawe alipewa karatasi ya vitu vya kununua: glavu, nyuzi za kushonea, maji ya dripu. Kijana akarudi kijijini kuuza mbuzi. Mzee alipasuliwa siku ya pili, na sehemu ya utumbo ilikuwa imekwisha kuoza.

Tulipopata nguvu ya kuzungumza nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, Padre." Kisha akasema bila uchungu wowote: "Wewe una watu." Nikamjibu kwamba naye anaye mwanawe. Akasema: "Mwanangu ni mtu mmoja. Mimi nasema watu."

Usiku wa sita alifariki dunia.

Ndugu zangu, siwezi kuapa kwamba angepona kama angepasuliwa siku ile ya kwanza. Ugonjwa wangu ulikuwa wa haraka, ni kweli. Lakini wa kwake pia ulikuwa wa haraka, na ngiri iliyobana utumbo haingoji mbuzi auzwe. Jina langu la upadre lilifanya kazi ambayo haki ilipaswa kuifanya, nami nililipokea bila kuuliza ni nani niliyempita.

Wala msidhani nimekuja kuwalaumu wauguzi. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake na wodi nzima. Mzee alipotetemeka kwa baridi, alimfunika kwa kanga yake mwenyewe. Wema ulikuwapo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kumfikishia mnyonge kile ambacho tayari kilikuwa chake.

Nasema kilikuwa chake kwa sababu hii. Uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali ulianza mwaka 1993, na pamoja nao ukawekwa msamaha kwa wasioweza kulipa. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwataja wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, pamoja na wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano. Katiba yetu, katika Ibara ya 11, inautambua msaada wa jamii wakati wa uzee na maradhi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Haya yote ni mema. Lakini sheria haina miguu. Mzee yule hakuwa na barua ya mtendaji wa kijiji mfukoni, hakujua kwamba aihitaji, wala hakuna aliyemwambia. Haki isiyojulikana na mwenyewe ni kama akiba iliyozikwa shambani kwa mtu mwingine.

Sisi wa Vigwaza tunaishi kando ya barabara kuu ya Morogoro, na mara ngapi tumewaokota majeruhi! Kwa hiyo mfano wa Msamaria tunauelewa kuliko wengi. Lakini tumezoea kuishia pale alipofunga majeraha. Yeye alikwenda hadi nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaahidi kurudi kulipa litakalozidi. Alijua kwamba huruma ya njiani haitoshi ikiwa mlango wa ndani unadai malipo. Na hakumuuliza majeruhi dini yake.

Basi naziomba jumuiya zetu mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya iwaorodheshe wazee na wanyonge wa eneo lake, Wakristo na wasio Wakristo, na kuwasaidia kupata barua na vitambulisho wakiwa wazima, si siku ya machela. Pili, mgonjwa asiende peke yake: awe na mtu anayeweza kuuliza kwa heshima ni ugonjwa gani, atafanyiwa nini, karatasi anayotia sahihi inasema nini, na msamaha unapatikana dirisha gani. Tatu, zahanati na vituo vya afya vina kamati zenye wawakilishi wa wananchi. Wajueni wawakilishi wenu, wapelekeeni malalamiko, na shukrani pia. Muuguzi aliyetoa kanga yake anastahili kutajwa.

Tukifanya hivyo, mkulima wa bonde la Ruvu akifika hospitali atakuwa na watu. Na itakuwa vema zaidi siku ile ambapo hatahitaji kuwa nao, kwa sababu itatosha kwamba yeye ni mtu.

Kovu langu limekwisha kupona. Kila nikiligusa namkumbuka mgonjwa wa kitanda cha pili. Naomba nanyi mumkumbuke, kisha mtazame ni nani amelala nyumba ya jirani.