Mwalimu wa Malezi Asishike Fimbo



Nimeombwa nizungumzie afya ya akili ya wanafunzi na watumishi shuleni. Nitaanza na binti wa kidato cha pili niliyemfundisha miaka mingi iliyopita. Kila siku, ikifika kipindi cha tatu, alikuwa anasinzia. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa nidhamu na hapohapo mwalimu wa malezi. Kazi zote mbili nilikabidhiwa kwa barua moja. Nikamwita ofisini. Alisimama mbele ya meza yangu akisokota pindo la sketi, na walimu wengine watano walikuwa humo wakisahihisha madaftari huku wametega masikio. Nikamuuliza, "Usiku unafanya nini?" Akajibu, "Sifanyi kitu, mwalimu." Fimbo ilikuwa juu ya kabati nyuma yangu, na yeye aliiona. Nikamchapa mbili. Muhula uliofuata ndipo jirani yao aliponiambia kwamba mama wa binti yule alikuwa mgonjwa wa kitandani, na mtoto ndiye aliyekuwa akimgeuza na kumpa maji usiku kucha.

Swali lilikuwa sahihi. Ila mtoto hakuwa na sababu yoyote ya kunijibu mimi.

Ndiyo maana hoja yangu leo ni moja: anayechapa asiwe yeye anayesikiliza. Najua shule nyingi bado zinaziunganisha kazi hizi kwa sababu walimu ni wachache. Lakini kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua yeye kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Maana yake, mkuu wa shule ana uwezo kamili wa kutomwandikia barua hiyo mwalimu wa malezi. Hilo halihitaji bajeti wala kibali cha halmashauri.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa wastani huo, darasa la wanafunzi 70, ambalo wengi wetu tunalijua vizuri, lina kumi. Hawa kumi hawaokoti makopo barabarani. Yumo anayeumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, yumo aliyekuwa mchangamfu akanyamaza ghafla, yumo anayegawa kalamu na madaftari yake kwa wenzake. Huyu wa mwisho huenda anaaga; msimwache aende nyumbani bila kuzungumza naye. Muulizeni waziwazi kama amewaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kulitua. Akikiri, asiachwe peke yake: mzazi aitwe, na afikishwe kwa afisa ustawi wa jamii au hospitali siku hiyohiyo. Kwa sheria zetu kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, na hofu hiyo hufanya familia zifiche. Mtoto huyo anahitaji matibabu, na shule ndiyo inayopaswa kusema hivyo kwa sauti.

Kuhusu mitihani nitasema machache. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Sisi huku bado tunasoma nafasi mstarini, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na huyo wa mwisho anazomewa mbele ya shule nzima. Tuache.

Sasa mwalimu mwenyewe. Nimefanya kazi na mwenzetu mmoja ambaye wanafunzi walimwita mkali. Kila mwezi ulipokaribia kuisha alikuwa hagusi chai ya saa nne, na darasani alichapa hata kwa kosa la kuangusha rula. Baadaye sana tulijua kwamba alichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kumuuguza mkewe, na kadi yake ya benki ilishikwa na mkopeshaji. Mshahara ukiingia, anayeutoa si yeye. Tulikaa naye ofisi moja miaka mitatu, tukimsema pembeni, na hakuna aliyemuuliza, "Mwalimu, kuna nini nyumbani?" Mimi nimo. Wanafunzi wake walilipa deni lile kwa viganja vyao.

Mwalimu wa namna hii hafikiwi kwa semina. Hufikiwa na mkuu wa shule anayemwita kando, anampunguzia zamu wiki mbili, anampa ruhusa ya kwenda kumwona daktari bila kumfanya gumzo la ofisi. Na tukome kulitaja jina la Mirembe kama tusi. Ile ni hospitali ya magonjwa ya akili, na watu wanatibiwa pale na kurudi kazini.

Wakuu wa shule, nawaomba mkirudi mumwandikie mwalimu wa malezi barua mpya, isiyo na neno nidhamu wala viboko. Mtengeeni vipindi kwenye ratiba. Kama hakuna chumba, chini ya mwembe panatosha, mahali ambapo yeye na mtoto wanaonekana na wote lakini hawasikiki na yeyote. Na kwenye ubao wa matangazo bandikeni namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Kuipiga ni bure.